Duka la sanaa ya kale ya Ulaya, Ndia Kuu: geuza kabla hujalipa

Kama unakusanya picha takatifu, sanamu, fremu za dhahabu na mapambo ya kale ya Ulaya, duka hili la Mji wa Kale ndilo ningekutuma kwanza hapa Mombasa. Sababu yangu kubwa ni kwamba mwenye duka anakuruhusu kugeuza vitu. Unashusha picha ukutani, unailaza kifudifudi juu ya meza iliyotandikwa blanketi, unaukagua mgongo wake kadiri utakavyo, na hakuna anayekuhimiza. Muuza vitu vya kale asiyetaka uone mgongo, mwachie mali yake.

Mimi ni fundi wa fremu. Karakana yangu iko Tudor, na watu huniletea vyeti, picha za wazee waliotangulia, aya zilizoandikwa kwa khati, na picha za Moyo Mtakatifu wa Yesu walizorithi kwa bibi zao. Uso wa picha unaweza kusafishwa, kupakwa upya na kung'arishwa. Mgongo hauna mtu wa kuuremba, ndiyo maana ndiko ninakoanza.

Kufika ni rahisi. Ukitoka Fort Jesus shika Ndia Kuu, duka liko chini ya ghorofa moja ya zamani yenye roshani ya mbao. Mwenyewe hakupenda jina liandikwe na kibao chake ni kidogo, basi uliza tu duka la sanamu, vijana wa pale watakuonyesha. Ndani kuna chumba kirefu chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, na nyuma yake chumba kidogo cha vitu ambavyo bado hajavipangia bei. Mwenye duka ni mama wa Kigoa, yaani wa asili ya Goa kule India, mzaliwa wa hapa, na Kiswahili chake ni cha kisiwani hasa. Vitu vyake vingi vimetoka kwenye nyumba za Wagoa waliohamia Kanada na Uingereza, na kwa Wazungu wazee wa Nyali na Kilifi ambao watoto wao hawakuvitaka.

Watu huona ajabu kukuta watakatifu wa Ulaya mtaa huu. Mimi naona wapo walikozoea. Ngome iliyo hatua chache kutoka hapo ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, na watawa Waagostino walikuwa na nyumba yao kisiwani kabla ya karne ile kwisha. Sanaa ya madhabahu za Ulaya imevuka bahari hii kwa zaidi ya miaka mia nne.

Sasa niseme habari ya picha mbili zilizonishika pale hadi adhuhuri. Ni ndogo, kila moja kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na wengi huzipita wakidhani ni karatasi iliyotiwa kioo. Ukisogea unaona kwamba rangi imekaa kwenye kioo chenyewe, hakuna nafasi kati yao. Wajerumani huiita kazi hii Hinterglas. Mchoraji huchukua kipande cha kioo na kukichora kwa nyuma, na kila hatua huenda kinyumenyume. Mistari ya macho na midomo hutangulia, kisha mashavu, kisha nguo, na rangi ya nyuma kabisa ya picha huja mwisho. Akishapaka shavu hawezi kurudi kurekebisha jicho, maana jicho limeshafunikwa. Na mkono anaouchora kuume, mtazamaji atauona kushoto. Mimi nimeshika brashi maisha yangu yote kugusia fremu, na nakwambia hii ni kazi ya mtu mwenye picha nzima kichwani kabla hajachovya rangi.

Katika karne ya 18 na ya 19 kulikuwa na vijiji vya Bavaria, Bohemia na Austria vilivyojulikana kwa kazi hii, Sandl ya Austria kikiwa miongoni mwa vilivyovuma sana. Wachuuzi walizibeba mgongoni wakizunguka mashambani, na wakulima walizitundika kwenye kona ya chumba penye msalaba. Zilikuwa picha za watu wa kawaida kwa bei waliyoiweza. Baadaye wachoraji Kandinsky na Gabriele Münter walipokuwa Murnau, kusini mwa Munich, mnamo 1908 na 1909, walizipenda kiasi cha kujifunza wenyewe kuchora nyuma ya kioo.

Ya kwanza ni Mtakatifu Florian, askari wa Kirumi aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 304. Amesimama na ndoo, anamwaga maji juu ya nyumba inayowaka. Wakristo wa nchi zile humwomba awakinge na moto. Kwetu Mji wa Kale nyumba zimegusana bega kwa bega, moto ukizuka jikoni kwa mmoja mtaa mzima hutoka nje na ndoo, na nadhani ndiyo sababu nilishindwa kuiacha ile picha. Nikaigeuza. Nyuma kuna ubao mwembamba wa msonobari, pembeni umekolea kahawia na katikati umepauka, kama inavyokuwa pale hewa inapoingia polepole kwa miaka mingi kupitia ufa wa fremu. Nikakishika kioo mlalo kwenye mwanga wa mlango. Kina mawimbi, na karibu na kiatu cha mtakatifu kuna kiputo cha hewa. Kioo cha dirisha cha siku hizi hakina mawimbi, kwa sababu humwagwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa yakakitandaza sawasawa, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. Ukiambiwa picha ya kioo ni ya karne ya 19 na kioo chake hakina hata wimbi moja, uliza maswali.

Ya pili ni Bikira Maria wa Mateso, upanga kifuani, vazi la buluu. Hii ina kasoro, na kasoro nimeonyeshwa na mama mwenyewe kabla sijaishusha.

"Fundi, hiyo rangi yabanduka kwa chini, upande wa kushoto. Ishike kwa juu."

Kweli, rangi imeachana na kioo sehemu ya ukubwa wa ukucha, na kikaratasi kilichobandikwa nyuma kinasema hivyo hivyo kwa mwandiko wake. Bei ya Florian ni elfu thelathini na tano. Ya Bikira Maria ni elfu kumi na nane kwa sababu ya ule mbanduko, na naona ni haki. Ukiinunua, usimruhusu fundi yeyote, hata mimi, akubadilishie kioo. Kioo ndicho picha. Na usiifute kwa nyuma, hata kwa kitambaa kikavu.

Ukuta wa kulia umejaa picha za karatasi, na hapa ndipo mnunuzi wa kipato cha kawaida atapata kitu. Nyingi ni chapa za rangi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, zilizochapwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake. Chukua lenzi ya mkononi uangalie shavu la mtakatifu. Ukiona vidoa vilivyotawanyika bila mpango, vya ukubwa tofauti, kama vilivyodonolewa kwa kalamu, hiyo ni chapa ya mawe. Ukiona vidoa vimejipanga kwa safu na vimetengeneza viduara vinavyojirudia, hiyo ni chapa ya mashine ya baadaye, hata kama karatasi imegeuka rangi ya chai. Nyingine zimepakwa vanishi na kukandamizwa zikapata vinundu, ili zifanane na picha ya mafuta kwenye turubai. Mteja akiletewa hiyo nyumbani huambiwa ni ya mkono. Dukani humu imeandikwa "chapa" kwenye kila moja, na bei inalingana na hilo.

Moyo Mtakatifu utakaoukuta pale unatokana na picha ya mchoraji Pompeo Batoni ya mwaka 1767, iliyoko kanisa la Gesù mjini Roma. Karibu kila nyumba ya Kikatoliki niliyoingia hapa Pwani ina kitukuu cha picha hiyo. Kuna pia Mama wa Msaada wa Daima, nakala ya ile ikoni ambayo Papa Pius wa Tisa aliwakabidhi mapadre wa shirika la Waredemptoristi na ikarudishwa hadharani Roma mwaka 1866. Moyo Mtakatifu mmoja, wenye fremu yake ya asili, ni elfu tisa. Kwangu mimi fremu peke yake ina thamani hiyo.

Habari ya fremu, na ya kila kitu kinachong'aa dhahabu humu. Dhahabu halisi hufuliwa hadi iwe nyembamba kuliko karatasi yoyote, hulazwa juu ya udongo mwekundu laini, na udongo huo uko juu ya tabaka za chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi. Tafuta kona iliyosuguliwa na mikono ya watu. Pakiwa na wekundu unaochungulia chini ya dhahabu, furahi. Pakiwa na ukahawia wenye kijani kijani, hiyo ni rangi ya shaba au jani la shaba, na hewa yetu ya chumvi itaendelea kuila. Dhahabu yenyewe haishiki kutu hata ukiishi Nyali mbele ya bahari, ila chaki na gundi iliyo chini yake huogopa maji. Kitambaa kibichi kimoja cha msichana wa kazi mwenye bidii kinaweza kuondoa kazi ya miaka mia mbili kwa alasiri moja. Mwambie mapema, kwa upole, asiguse.

Kwenye sanamu za mbao nilibishana na mama, na ubishi huo ndio ulionithibitishia kwamba duka hili linafaa. Kuna Mtakatifu Nikola wa mbao, kofia ya kiaskofu, kitabu mkononi na mipira mitatu ya dhahabu juu ya kitabu. Mbao ni laini na nyepesi, ya mti ambao Wajerumani huuita Linde, ule ule uliochongwa na fundi wao mkubwa Tilman Riemenschneider miaka mia tano iliyopita. Mgongo umekombwa ukawa shimo, jambo la kawaida kwa sanamu iliyokusudiwa kusimama dhidi ya ukuta wa madhabahu. Kukomba ndani huzuia mti usipasuke unapokauka. Kikaratasi kilisema karne ya 18. Nikaipindua sanamu nikatazama chini ya kitako. Nikaona mikwaruzo ya duara, ile inayoachwa na msumeno wa mviringo unaoendeshwa na mtambo. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka.

Nikamwita. "Mama, tazama hapa kwa lenzi. Msumeno huu ni wa zama za mitambo. Mimi naiweka karne ya 19."

Aliangalia kwa muda, akauliza kama kitako hakikuweza kuongezwa baadaye. Swali zuri. Tukafuata mkondo wa mbao kutoka pindo la kanzu hadi chini, na unaendelea bila kukatika, kwa hiyo kitako ni cha mti ule ule. Akachukua penseli, akafuta 18 akaandika 19, na bei ikashuka kutoka laki moja na ishirini hadi elfu tisini, mimi nikiwa sina hata nia ya kununua. Kuna maduka ningeambiwa nimekuja kuharibu biashara.

Matundu ya vidudu uyatazame pia. Tundu la kweli ni la mviringo, dogo, na ndani njia yake hupinda. Tundu la kuchimbwa kwa kekee ili kudanganya umri huingia moja kwa moja. Ukigonga sanamu ukaona unga mpya wa mbao juu ya meza, wadudu wangali hai, na hapo usiipeleke nyumbani penye makabati na vitanda vyako kabla haijatibiwa.

Sanamu za plasta zipo nyingi, Antoni wa Padua, Yosefu na ua lake la yungiyungi, mtindo ambao Wafaransa huuhusisha na maduka yaliyozunguka kanisa la Saint-Sulpice, Paris. Zilimwagwa kwenye kalibu na kupakwa rangi kwa mkono. Nazipenda bila kuona haya, kwa sababu mbele ya sanamu za aina hii ndiko wengi wetu tulikofundishwa kusali. Chagua yenye rangi ya asili, hata ikiwa na vidonda vyeupe puani. Iliyopakwa upya kwa rangi ya madirisha, iache.

Vyombo vya madini ya fedha nitavipita haraka: bei iko juu kuliko inavyostahili. Alama zilizogongwa juu yake ni za kweli, nilizikagua. Kichwa cha Minerva ni cha fedha ya Ufaransa kuanzia mwaka 1838, simba anayetembea ni wa fedha ya Uingereza ya 925, yaani sehemu 925 kwa elfu ni fedha tupu, na herufi EPNS maana yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu tu. Kinara kimoja cha EPNS kilikuwa na bei ya kinara cha fedha tupu. Nilimweleza, akasema atafikiri.

Yapo mambo matatu anayoyafanya ambayo mkusanyaji muumini atayathamini. Kalisi aliyonayo, kikombe cha divai ya Misa, haiko kwenye rafu. Ameifunga kitambaa cheupe chumba cha nyuma, na haiuzi kwa mtu anayetaka kuiwekea maua. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inataka vitu vilivyobarikiwa viheshimiwe hata vikiwa mikononi mwa watu binafsi. Kasha la masalia ya watakatifu analo, lakini tupu. Yaliyokuwamo ameyapeleka kwa mapadre, kwa kuwa kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Na pembe za ndovu hazigusi. Ulaya walichonga misalaba mingi ya pembe, mji wa Dieppe huko Ufaransa ulipata sifa kwayo, na mitaani kwetu utanong'onezewa na mtu mwenye mfuko kwamba anayo moja ya kale. Ondoka. Nchi hii ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989 dunia nzima ikitazama, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Umri wa msalaba hautakuokoa polisi wakikufungua begi.

Malalamiko ninayo, na nimemwambia ana kwa ana. Jua la alasiri linaingia dirishani na kupiga chapa tatu nzuri moja kwa moja. Buluu ya vazi la Bikira Maria kwenye mojawapo imeanza kupauka, na rangi ikishapauka hairudi. Sanamu mbili za mbao zenye dhahabu zimesimama karibu na mlango, na upepo wa kusi unapovuma na unyevu wake mbao huvimba, kaskazi ikikausha zinanywea, na chaki iliyo juu haiwezi kufuata mwendo huo, hupasuka. Taa za chumba cha nyuma ni hafifu, nenda na tochi yako. Lakini kubwa kuliko yote ni risiti. Anaandika "picha 1" na kiasi, basi. Kwa duka lenye uaminifu kama huu, hilo linaniuma. Mdai akuandikie kitu ni nini, cha wapi kwa kadiri ajuavyo, kimetoka kwenye nyumba ya namna gani, na kipi kimetengenezwa upya. Ukimwomba anaandika, tena vizuri. Inabidi tu uombe.

Wageni na ndugu zetu wa ughaibuni wazingatie hili zaidi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kwa hiyo sanamu ya Kijerumani iliyoletwa na mtu miaka ya 1880 inahitaji kibali kuitoa nchini, ijapokuwa si ya hapa, na iliyoletwa 1950 iko kwenye fungu jingine hata ikiwa imechongwa zamani zaidi. Habari ya lini iliingia ndiyo inayotakiwa, na mahali pake ni kwenye ile risiti. Ukiwa na shaka, pita kwanza ofisi za makumbusho pale Fort Jesus, ni mwendo mfupi.

Nenda asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Ijumaa kijana msaidizi huenda msikitini na mama hufunga hadi saa nane unusu. M-Pesa anapokea. Bei zina nafasi ya kuzungumza, hasa ukichukua vitu viwili, na salamu za adabu zina uzito pale kuliko ubishi. Gari liache nje ya Mji wa Kale. Ukinunua picha ya kioo, usiikubali katika mfuko mtupu: mwombe kadibodi mbili ngumu, ibebe ikiwa wima, uso wake ukielekea kifuani kwako, na kwenye tuktuk ishike mwenyewe usiilaze kitini.